Wakala Hakutafutii Wewe Kazi, Anamtafutia Mwajiri Mtu

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja. Baada ya salamu aliandika hivi: "Dada, nimejiandikisha kwa mawakala watatu wa ajira za muda, huu ni mwezi wa nne, na hakuna hata mmoja aliyenipigia. Vyeti vyangu vyote nimewapa. Hawa watu kazi wanazo kweli, au wanakusanya majina tu?"

Niliusoma mara tatu. Wiki iliyopita nimetia saini mkataba wa ajira ya kudumu, na kazi hiyo nimeipata kupitia wakala wa aina hiyohiyo anayelalamikiwa. Tena kabla ya kufika hapo nililia machozi kwa sababu ya wakala. Kwa hiyo mdogo wangu, nitakujibu kwa urefu, na wengine mlio katika hali hiyo someni.

Mimi ni karani wa hesabu. Nilikaa mahali pamoja miaka minane, ofisi ikafungwa, tukaagwa. Nilidhani ndani ya mwezi nitakuwa nimepata pengine. Nilituma barua za maombi kwa miezi mitano mpaka nikaacha kuzihesabu, na majibu niliyopata hayazidi vidole vya mkono mmoja. Jirani yangu ndiye aliyeniambia, "Mama, jiandikishe kwa wakala." Nilimwitikia kwa mdomo. Moyoni niliona hicho ni kibarua, kazi ya mtu asiye na vyeti, na mimi vyeti ninavyo. Nasema hili waziwazi kwa sababu najua wengi wenu mnalo moyoni, na likikaa humo halikupeleki popote.

Nilipokubali kwenda, nilijaza fomu, nikafanya jaribio la kuchapa na jaribio la hesabu, nikahojiwa kama robo saa hivi. Binti aliyenihoji aliniuliza niko tayari kufanya kazi zipi. Nikamjibu: za hesabu tu, ofisini tu, na kwa malipo yasiyopungua yale niliyoyazoea. Akaandika. Nikatoka nimeinua kichwa, nikiamini nimejipa heshima yangu.

Wiki tatu kimya. Kisha simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi. Kuna ghala linataka mtu wa kuhesabu mizigo na kuilinganisha na orodha, siku nne, kuanzia leo saa mbili. Nikasema hapana, hiyo si kazi yangu. Akasema sawa, akakata simu. Sikumsikia tena kwa miezi miwili.

Miezi miwili hiyo nilimlaumu yeye. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwa nimeelewa biashara yenyewe.

Manpower, mojawapo ya kampuni kongwe za kazi hii, ilianzishwa mwaka 1948 mjini Milwaukee, Marekani, na mawakili wawili, Elmer Winter na Aaron Scheinfeld. Inasimuliwa kwamba walikuwa na hati ya mahakamani iliyotakiwa haraka, mtu wa kuichapa hakupatikana, wakatambua kwamba ofisi nyingine nazo hukwama vivyo hivyo. Tazama mwanzo huo. Wazo lilitokana na shida ya mwenye kazi. Mtafuta kazi hakuwamo. Mpaka leo mambo yako hivyo: kampuni inayohitaji mtu inamlipa wakala kwa kila saa unayofanya, wakala anakulipa wewe sehemu ya fedha hiyo, na inayobaki ndiyo inayolipa michango ya kisheria, bima, ofisi yake na faida. Asipopeleka mtu, hapati kitu. Akimpeleka mtu asiyefika, anaweza kumpoteza mteja.

Sasa mfikirie mratibu wa wakala saa kumi na mbili asubuhi. Mteja amempigia, mtu mmoja ameugua, saa mbili kazi inaanza. Ana orodha ya majina na nusu saa. Anampigia wa kwanza, hapokei. Wa pili anasema subiri nimuulize mume wangu. Wa tatu anasema ndiyo, nipe anwani. Siku nyingine dharura ikitokea, unadhani ataanza na nani? Vyeti vyako viko kwenye faili, lakini saa ile hafungui faili. Anakumbuka sauti.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: pokea simu. Ukikosa kuipokea, piga mara moja, usisubiri mchana. Najua mlitaka siri kubwa zaidi, lakini mimi mlango ulifunguka hapo.

Nilimpigia yule binti mwenyewe. Nikamwambia nilikosea, niko tayari kwa kazi yoyote ya mchana, hata ya siku moja. Kesho yake nikapelekwa kupanga majalada katika chumba kilichojaa maboksi na vumbi, siku tatu. Sikuringa. Nilifika robo saa kabla ya wakati, nikamaliza siku ya pili jioni, na badala ya kujikokota ili nilipwe ya tatu nikamwambia msimamizi nimemaliza, nina muda, nipe kingine. Akanipa ankara za kulinganisha. Jioni hiyohiyo alimwambia wakala aniweke karibu. Kuanzia hapo simu haikukaa kimya zaidi ya wiki moja. Nimekaa mapokezi, nimeingiza takwimu kwenye kompyuta, nimehesabu bidhaa usiku wa kufunga mwaka, nimeshika nafasi ya dada aliyekuwa likizo ya uzazi. Siwezi kueleza kila moja, zilifanana.

Mkianza kupata kazi, kuna karatasi ya saa za kazi ambayo msimamizi wa mahali ulipopelekwa anaitia saini kila wiki. Ipeleke kwa wakala siku ileile, na ubaki na nakala yako. Ikichelewa, malipo yanachelewa, na hakuna wa kumlaumu. Nimewaona watu wakigombana na wakala kwa karatasi iliyokuwa kwenye mkoba wao wenyewe.

Sasa nifike penye kidonda.

Baada ya nusu mwaka wa kazi za siku siku nilipelekwa kwenye kampuni moja, idara ya hesabu, kazi yangu hasa. Iliandikwa miezi mitatu. Wakaongeza mitatu. Wakaongeza tena. Nilikaa miezi kumi na mmoja. Nilifunga hesabu za mwezi pamoja nao, nilimfundisha mfanyakazi mpya mfumo wao, na mkuu wa idara aliniambia mbele ya watu, "Wewe ni wetu, tunashughulikia mambo yako." Nilimwamini. Niliacha kupokea simu za mawakala wengine wawili waliokuwa na jina langu. Nilileta sweta na kikombe changu, nikaviacha mezani kama mtu mwenye meza. Msichana wa meza ya jirani alikuwa akifanya kazi ileile na kulipwa zaidi yangu, na nilinyamaza, nikijiambia na mimi zamu yangu inakuja.

Alhamisi jioni, niko njiani kurudi nyumbani, wakala akanipigia. Kesho usiende. Mteja amesimamisha. Nikauliza nimekosa nini, akasema hujakosa kitu. Mkuu wa idara hakunipigia siku ile, wala siku nyingine yoyote. Sweta lililetwa baadaye ofisini kwa wakala kwenye mfuko. Kikombe sikukiona tena.

Niliugua wiki nzima. Mpaka leo nikipita njia ile natazama upande wa pili.

Baadaye sana niliambiwa na mtu aliyekuwa ndani. Walinitaka kweli. Lakini mkataba wao na wakala ulisema wakiniajiri moja kwa moja watamlipa wakala ada ya kumchukua mtu wake, na bajeti yao haikuwa na fedha hiyo. Walirefusha na kurefusha wakijadiliana, wakashindwana. Mimi niliyekuwa nikijadiliwa sikujua kwamba ada hiyo ipo. Ilihali kwenye mkataba wangu mwenyewe mlikuwa na kifungu kilichonizuia kuajiriwa na mteja bila wakala kuhusishwa. Nilikuwa nimekitia saini bila kukisoma, siku ileile niliyojaza fomu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na nilitaka kwenda.

Someni mikataba. Nawasihi. Mtu anayekupeleka kazini ndiye mwajiri wako kwa maandishi, na mahali unapofanyia kazi ni kwa mteja wake. Ahadi ya mkuu wa idara si mkataba, hata aitoe mbele ya idara nzima. Ukiambiwa "wewe ni wetu," uliza kwa upole: lini, na je, mmeshaongea na wakala? Asipokuwa na jibu, endelea kupokea simu zako zote. Mimi nilizifunga zote kwa neno la mtu mmoja.

Na lile la kulipwa chini ya mwenzako kwa kazi ileile, kuna nchi ambazo sheria zimeliona. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo mwaka 2008 ambalo, kama kanuni ya jumla, linataka mfanyakazi aliyepelekwa na wakala apate masharti ya msingi sawa na ambayo angepewa kama angeajiriwa moja kwa moja, tangu siku ya kwanza, ingawa linaruhusu tofauti fulani. Uingereza iliweka kwamba haki ya malipo sawa inaanza baada ya wiki 12 katika kazi ileile. Penye sheria ya namna hiyo, aliyenyamaza kama mimi ndiye anayepoteza. Tafuta sheria ya ulipo kabla hujanyamaza miezi kumi na mmoja.

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu kulipia kujiandikisha. Katika kipindi kile cha machungu nilipata ujumbe wa simu: nafasi ipo tayari, tuma ada ya fomu leo. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi kwamba nilishaanza kutuma. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wasiwatoze wafanyakazi ada wala gharama, si moja kwa moja wala kwa mlango wa nyuma. Unaacha nafasi ya pekee kwa aina fulani za wafanyakazi au huduma zitakazoruhusiwa na mamlaka, na si kila nchi imeuridhia, lakini mantiki yake iko wazi: wakala wa kweli hulipwa na anayehitaji mtu. Anayekudai fedha kabla ya kukupeleka kazini, wewe ndiye biashara yake. Mwache.

Kurudi kwa wakala baada ya Alhamisi ile kulikuwa kugumu kuliko kujiandikisha mara ya kwanza. Nilirudi kwa sababu kodi haikujua nimeumizwa. Safari hii nilikwenda na maswali yangu yameandikwa. Kazi hii ni ya muda gani? Ninashika nafasi ya nani, na mwenyewe anarudi lini? Mteja huyu ameshawahi kuajiri watu wenu? Akitaka kuniajiri, kuna ada, na inakoma baada ya muda gani? Yule binti, ambaye sasa ni mratibu mkuu, aliniangalia akasema watu wachache sana humuuliza hivyo. Akanijibu yote. Mara nyingi ada hiyo hupungua au kufutika mtu akishafanya kazi kwa kipindi walichokubaliana, na alinipa mteja ambaye kwake kipindi hicho kilikuwa miezi sita.

Nilikwenda nikiwa najua tarehe. Mwezi wa sita ulipoisha niliomba dakika kumi za mkuu wangu, nikamwambia kuanzia sasa kuniajiri hakuna gharama ya ziada, na ningependa kubaki. Akashtuka kwamba najua. Mwezi wa saba mkataba uko mezani. Nimetia saini kwa jina langu, na nimeusoma wote, kurasa kumi na moja, wao wakisubiri.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Miezi minne ya kimya si lazima iwe utapeli. Huenda uliwaambia kazi moja tu unayoitaka, kama mimi. Huenda walikupigia mara moja alfajiri ukawa umelala. Huenda namba uliyowapa umeibadilisha. Jumatatu wapigie wote watatu, kabla ya saa tatu asubuhi, usitume ujumbe. Taja jina lako, taja kazi tatu unazoweza kufanya bila kufundishwa, waambie siku ulizo huru na kwamba hata siku moja utakwenda. Uliza jina la unayeongea naye, uliandike. Jumatatu inayofuata umpigie tena huyohuyo kwa jina lake.

Na usiku ulale na simu ikiwa na chaji, sauti umeiwasha.