Jibu: Dkt. Hector P. Garcia aliingiaje kwenye haki za raia?

Umeuliza daktari wa Corpus Christi, Texas, alifikaje kwenye siasa. Ni kupitia wagonjwa wake. Garcia alizaliwa Mexico mwaka 1914, akahitimu udaktari Galveston 1940, akahudumu jeshini Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akafungua kliniki 1946. Waliokuja kutibiwa wengi walikuwa maveterani wenzake wenye asili ya Mexico, ambao mafao waliyoahidiwa na sheria ya maveterani ya 1944 (GI Bill) yalikuwa yakicheleweshwa. Ndipo Machi 26, 1948 akaanzisha American GI Forum, chama cha kutetea haki za maveterani hao.

Kilichoipa nguvu ni kisa cha Felix Longoria, askari mwenye asili ya Mexico aliyeuawa Ufilipino. Mwili uliporudishwa 1949, mwenye nyumba ya mazishi mjini Three Rivers alikataa familia iutumie ukumbi wake. Garcia akapeleka telegramu kwa wanasiasa. Seneta Lyndon Johnson akajibu, na Longoria akazikwa Arlington, makaburi ya kitaifa ya wanajeshi, Februari 16.

Watu huishia hapo, kimakosa nadhani. Kazi ngumu ilikuwa kuhimiza watu walipe kodi ya kura, dola 1.75 kwa mwaka, maana wakati huo Texas, bila risiti hukuweza kupiga kura. Kwa kibarua wa mashambani hiyo haikuwa hela ndogo. Nishani ya Rais ya Uhuru, Garcia aliipata 1984.