Barua kwa mwanangu: yale majani ya ukingo wa njano

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nje kwenye benchi la marehemu baba yako, maana ndani umeme ulikuwa umekatika. Unauliza hivi: ukijenga kitalu nyumba hapo Bukavu, ukakata majani ya mmea wa nyoka vipande 2,000, itachukua miezi mingapi hadi uanze kuuza, na kama uchukue mkopo wa kununulia nailoni na nguzo.

Miezi nitakutajia. Ila kwanza niambie, majani hayo unayakata kwenye mimea ipi? Kama ni ile uliyobeba hapa nyumbani mwaka jana, ile ya kando ya ukuta, basi kaa chini tuzungumze. Ukuta unaujua. Jinsi mimea ile ilivyofika pale nadhani umesahau.

Ulikuwa darasa la tatu. Lava ya Januari 2002, ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoingia Goma, ilikuwa imeshapoa, watu wanajenga juu yake kwa mawe yake yenyewe, na kule ziwani hoteli zinafunguliwa. Mtu wa hoteli moja akapita kwenye kitalu changu cha Himbi, akaona vyungu vyangu vitatu vya ulimi wa mama mkwe, ndio huo mmea wa nyoka, wenye ukingo wa njano. Akaagiza vyungu 120. Akaacha dola 150 mkononi mwangu, na kabla ya jua kuzama zilikuwa zimeshakuwa karo yenu.

Mimi nikakata majani. Nikapasua vipande vya upana wa vidole vinne, kila kimoja nikakitia pembe upande wa chini ili nisikosee, kwa sababu jani hilo ukilipanda kichwa chini halitoi mzizi. Nikaviacha kivulini siku tatu kidonda kikauke, nikavisimika kwenye changarawe ya volkano aliyoleta baba yako kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Vikashika vizuri ajabu. Baada ya wiki sita nilikuwa nachomoa kimoja kila asubuhi kuangalia tu, chini yake mizizi myeupe, mifupi, imeng'ang'ania vijiwe. Nakwambia kila siku na leo narudia: mmea uko chini. Ukiona mizizi ile unajua umefanikiwa.

Nilijua hivyo. Kumbe sikujua yote.

Ulipofika mwezi wa nne tangu nivisimike, machipukizi yakaanza kutokeza kando ya vipande. Ya kijani. Nikasema yatageuka yakikua. Nikayasogeza kwenye mwanga, nikayatia samadi. Ya kijani tu, yenye mabaka mazuri kama ngozi ya nyoka, lakini hata uzi mmoja wa njano hakuna. Siku moja ukaja na kopo la rangi iliyobaki baba yako alipopaka madirisha, na mswaki wa zamani, ukaniuliza kama tusiyapake pembeni usiku kabla yule mtu hajaja. Ulikuwa umeshajaribu kwenye jani moja la vile vyungu vyangu vitatu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikakaa chini palepale katikati ya vyungu nikalia, na wewe hukuelewa kwa nini.

Alikuja, akatazama, akasema hii siyo aliyoagiza, akadai pesa yake. Baba yako akauza chukudu. Ile aliyoichonga mwenyewe kwa mkaratusi, iliyokuwa inapanda na viazi na kushuka na mawe. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenilaumu, ningekuwa na la kumjibu.

Miaka mingi nilisema hoteli ilinionea. Mimea ilikuwa mizima, imara, kwa nini asichukue hata nusu kwa bei ya chini? Kisha najiuliza, angeiweka wapi? Alitaka njano mlangoni pake, nikampelekea kijani. Hakunionea. Lakini angalau angesubiri nimtafutie... Hapana, asingesubiri. Tuliache.

Aliyenifungua macho ni padri mmoja mzee aliyekuwa anatunza bustani ya parokia, na miaka miwili ilikuwa imeshapita. Alichukua jani akalikata kwa wembe, akanionyesha kuwa ile njano imekaa pembeni tu, kwenye tabaka lake. Kipande cha jani kinapotoa chipukizi, chipukizi hilo linazaliwa na chembe za ndani, na huko ndani ni kijani kitupu. Ukitaka njano ibaki, unagawa shina la chini ya udongo, kila kipande na mizizi yake na majani yake. Hakuna njia nyingine, wala mbolea wala jua. Akaniambia na jina lake la vitabuni, Laurentii, la Mbelgiji Émile Laurent aliyeukuta upande wa Kisangani mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hapo nikakasirika upya. Mmea umetoka kwenye misitu yetu hii ya Kongo, ukaenda kulelewa kwenye vitalu vya Ulaya, na mimi niliyezaliwa Kongo nikashindwa kujua unavyozaa.

Kwa hiyo vipande vyako 2,000 vitatoka kijani vyote, mwanangu. Hata ile mimea uliyobeba ni watoto wa aibu yangu ya mwaka ule, haina njano ya kukupa. Kijani nacho kinauzwa, sikatai, tena hakifi ovyo. Ila uwaambie wateja kabla, na usipokee hata franka moja ya oda kabla jani jipya halijafunguka ukaliona kwa macho.

Miezi sasa. Mizizi, mwezi mmoja hadi miwili. Chipukizi, miezi mitatu hadi mitano, kwa sababu usiku wa Bukavu una baridi na mmea huu unapenda joto la nyuzi 20 na kitu kwenda juu. Chini ya 10 unaumia. Chungu kinachoweza kusimama mbele ya mteja, hesabu mwaka na zaidi. Ukigawa mashina unapata chungu cha kuuza mapema zaidi, lakini chungu kimoja kilichojaa kitakupa vitatu au vinne tu, si elfu mbili. Ndiyo shida yake.

Na kitalu nyumba chenyewe usikifikirie kama cha Wazungu. Kwao ni cha kukinga baridi. Kwako ni cha kukinga mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua ya Bukavu itakumalizia mimea kuliko mdudu yeyote, na udongo wenu mwekundu unashika maji kama kitambaa. Utakuta jani zima, la kijani, unaligusa linachomoka lenyewe, chini limekuwa la kahawia, laini kama ndizi iliyolala, linanuka. Ukifika hapo umechelewa wiki tatu. Wengi wanamwagilia kwa kuangalia majani. Mmea uko chini! Tia kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na unyevu, funga maji uende zako. Paa liwe la nailoni, pembeni acha wazi kwa wavu, maana mchana joto likifungiwa ndani nalo ni balaa. Nguzo weka za mkaratusi.

Kuhusu mkopo, sitasema. Wewe ni mtu mzima, na mimi nina kidonda changu, nikisema nitakuwa naongea kwa kidonda hicho. Ningekuwa mimi ningeanza na vyungu 60 chini ya turubai, mwaka mmoja, bila deni la mtu. Lakini ningekuwa mimi ningekuwa bado niko Himbi na vyungu vitatu. Baba yako angekwambia chukua. Au asingesema, angeenda tu kuchonga nguzo. Basi, nimesema sitasema.

Jumamosi mpokee kijana wa boti bandarini. Ana magunia mawili ya changarawe yetu, ioshe kwanza maji yatoke safi, uichanganye na udongo wako, changarawe izidi. Ana na kasha. Ndani kuna mashina sita ya ukingo wa njano, niliyoyagawa jana kutoka kwenye chungu pekee kilichobaki kati ya vile vitatu. Nimeyafunga kwenye gazeti makavu. Ukiyapanda usiyape maji kwa wiki nzima, hata yakionekana yamenyong'onyea. Kwenye shina moja utaona jani la zamani lina doa la rangi pembeni. Hilo usilikate.

Mama yako
Goma