Kwanza achunguze, ndipo ashauri

Ndugu Mhariri,

Swali lenu kwa wasomaji linauliza kama wakati umefika wa shule zetu kuwa na mwanasaikolojia, na kama umefika, atafanya kazi gani ambayo mwalimu wa malezi na unasihi haifanyi. Nimefundisha shule za msingi na za sekondari katika wilaya za Masasi na Nachingwea hadi nilipostaafu, na jibu langu ni kwamba tunamhitaji, ingawa si kwa sababu inayotajwa mara nyingi. Wengi wanaomtetea husema kuwa watoto wa siku hizi wana msongo wa mawazo na wanahitaji mtu wa kuwasikiliza. Ni kweli, lakini kusikiliza ni kazi ambayo mwalimu mwenye moyo anaiweza. Asichokiweza, kwa kuwa hakukisomea na vipindi havimpi nafasi, ni kuchunguza kwa utaratibu kwa nini mtoto fulani hajifunzi, hahudhurii au amebadilika tabia, kisha kutoa jibu analoweza kulitetea mbele ya mzazi, mkuu wa shule na daktari.

Fani yenyewe ilianzia hapo. Mwaka 1896, Lightner Witmer alifungua kliniki ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, na mtoto wa kwanza kupokelewa alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu alishindwa tahajia ilhali mambo mengine aliyaelewa. Katika kumchunguza iligundulika kuwa macho yake yana kasoro, akapatiwa miwani, na mafunzo ya kusoma yakafuata baadaye. Miaka tisa baadaye, huko Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto wanaohitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, na Binet mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichokwisha kupangwa kisichoweza kuongezeka. Nayataja haya kwa sababu huku kwetu neno «saikolojia» limekwisha kuzoeleka kama jina lingine la nasaha, na mtu anayeajiriwa kwa dhana hiyo ataishia kukaa ofisini akingoja wanafunzi waje kulia.

Tumchukue mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma sentensi fupi. Darasani ataitwa mzito, nyumbani ataambiwa amerogwa au amerithi, na ripoti ya mwisho wa muhula itaandika «aongeze bidii». Mwanasaikolojia wa shule angeanza kwa kuhakikisha kwamba mtoto anaona ubao na anasikia sauti ya mwalimu, kwa maana masikio yanayotoka usaha kwa miaka ni jambo la kawaida vijijini na wachache hufikishwa zahanati kwa ajili hiyo. Angemuuliza mama kama mtoto aliwahi kuugua malaria kali iliyompanda kichwani, kwani malaria ya aina hiyo huwaachia baadhi ya watoto upungufu wa kumbukumbu na umakini, na mikoa yetu ya Mtwara na Lindi ni miongoni mwa ile inayosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Angekaa nyuma ya darasa amwangalie mtoto akiwa kwenye somo. Huenda akagundua kwamba mara kadhaa kwa siku mtoto huyo hukodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia akiitwa, na hicho kinaweza kuwa kifafa kisicho na mtukutiko, ambacho mwalimu hukiona kuwa uzembe na ambacho kina dawa hospitalini. Angefungua daftari la mahudhurio aone kama mtoto hupotea Oktoba na Novemba tu, wakati wa kuokota korosho, au kama hupotea siku zisizo na mpangilio, jambo linaloashiria tatizo la aina nyingine kabisa. Angeuliza pia ni lugha gani inayosemwa nyumbani, kwa sababu mtoto aliyeanza shule akijua Kimakonde au Kimwera peke yake huchelewa kusoma Kiswahili bila kuwa na kasoro yoyote ya akili.

Ni baada ya hayo yote ndipo kipimo cha uwezo kinapokuwa na maana, na hata hapo kwa tahadhari, kwani kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mtoto wa London kitamwonyesha mtoto wa Newala picha za vitu ambavyo hajawahi kuviona na kumhesabia makosa. Matokeo yake yatafsiriwe na mtu anayejua mazingira ya mtoto, na mzazi aridhie kabla ya upimaji kuanza. Marekani, ambako sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya elimu ya umma, ridhaa hiyo ni sharti. Ripoti nayo ieleze mtoto anaweza nini, anakwama wapi na mwalimu abadilishe nini kuanzia Jumatatu. Hapa niseme wazi: mtaalamu asiyewahi kusimama mbele ya darasa lenye watoto mia moja atamwagiza mwalimu ampe kila mtoto uangalizi wa peke yake, na karatasi yake itaishia kwenye droo.

Suala la pili ni nafasi yake ndani ya shule. Katika shule nyingi nilizozifahamu, mwalimu wa malezi alikuwa pia mjumbe wa kamati ya nidhamu, na pengine ndiye aliyekabidhiwa fimbo. Kanuni za viboko zinaeleweka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Hata zikifuatwa kikamilifu, msichana aliyechelewa kwa sababu ya jambo lililomkuta njiani hawezi kumweleza asubuhi mtu aliyemchapa jana. Ndiyo maana naona mwanasaikolojia asishiriki kabisa katika kutoa adhabu, wala asiitwe kutoa ushahidi wa aliyosimuliwa na mwanafunzi ili afukuzwe shule. Usiri huo una mpaka. Mtoto akiwa anadhuriwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, na kutoka hapo afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wana sehemu yao. Mtoto aelezwe mpaka huo mapema, kabla hajaanza kusimulia.

Kwa huku kusini kuna eneo ambalo halijatajwa na wasomaji wa Dar es Salaam waliojibu wiki iliyopita, nalo ni unyago na jando. Sikubaliani na wanaozilaumu ngoma hizi kwa kila mimba ya mwanafunzi. Umaskini, umbali wa shule na watu wazima wasio na haya wana sehemu kubwa zaidi. Hata hivyo, kila mwalimu wa Mtwara na Lindi anamjua mtoto aliyerudi Januari akiwa ameambiwa kwamba sasa amekuwa mtu mzima, huku shule ikiendelea kumtaka apige magoti mbele ya mwalimu wa zamu. Mwanasaikolojia mwenye busara angewafuata makungwi na manyakanga, yaani wanaowafunda watoto katika ngoma hizo, kabla ya likizo ya Desemba, akae nao kwa heshima, ajue wanafundisha nini kwa umri gani, na wakubaliane kuhusu kinachoweza kusubiri. Na msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito, ambaye tangu mwaka 2021 anaruhusiwa na Serikali kurejea shuleni, anahitaji mtu wa kumwandalia njia kwa kuzungumza na wanafunzi wenzake na walimu, la sivyo ruhusa itabaki kwenye waraka naye atabaki nyumbani.

Kuna pia zile siku ambapo wasichana wa bweni huanza kuanguka na kupiga kelele mmoja baada ya mwingine, na kijiji kizima hujaa habari za majini. Nchi yetu ina tukio linalosomwa duniani kote: mwaka 1962 katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera ya leo, kicheko kisichozuilika kiliwapata wanafunzi 95 kati ya 159, shule ikafungwa, na madaktari hawakuona sumu wala vijidudu. Hofu na shinikizo vinaweza kuenea katika kundi la watoto namna hiyo, na mwili ukaitikia kweli bila mtu yeyote kuigiza. Mtaalamu angewatenganisha waliopatwa na watazamaji, angewatuliza wazazi, angehakikisha kwanza kwamba hakuna ugonjwa, kisha angechunguza ni kitu gani kinachowatisha wasichana hao bwenini. Wakati wa majanga pia angekuwa na kazi, kama vile kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichoacha mafuriko Kilwa, ila sitalirefusha hilo.

Sasa, je, kila shule ipate wake? Chama cha kitaifa cha wanasaikolojia wa shule cha Marekani kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500, na mafunzo yake yanajumuisha saa 1,200 za kazi kwa vitendo, angalau nusu yake ndani ya shule. Kuidai idadi hiyo hapa ni kujifurahisha. Mikoa yetu miwili ina halmashauri 15. Tuanze na mtaalamu mmoja kwa kila halmashauri, awe chini ya idara ya elimu, azungukie shule kwa ratiba inayojulikana, na walimu wa malezi wawe macho yake katika kila shule. Mwaka wa kwanza ashughulikie watoto wa darasa la pili na la tatu walioshindwa kusoma, kwa kuwa hao bado wana muda kabla ya upimaji wa darasa la nne, na awe na makubaliano ya maandishi na hospitali ya wilaya ili mtoto anayepewa rufaa ya macho, masikio au kifafa apokelewe. Katika bajeti, pikipiki na mafuta yake viandikwe pamoja na mshahara, maana mtaalamu wa Liwale asiye na usafiri atazihudumia shule zilizo karibu na makao makuu ya wilaya peke yake.

Mwalimu mstaafu, Masasi