Filamu inaweza kusimama yenyewe

Umeuliza kama filamu iliyotokana na riwaya ya kichawi inaweza kupendeza bila kuegemea kitabu. Inaweza, tena sana. Chukua Howl's Moving Castle: kitabu ni cha Diana Wynne Jones, 1986, katuni ni ya Hayao Miyazaki, 2004. Miyazaki aliileta vita katikati ya hadithi, na safari ya kwenda Wales iliyomo kitabuni akaiacha kabisa. Lakini mtazame Sophie, msichana aliyerogwa akawa bikizee. Akilala, uso unarudi ujanani. Akiamka, makunyanzi yale yale, na hakuna anayekueleza kwa nini. Mimi niliiona kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa kitabu, na machozi yalinitoka.