Muulize Fundi: Waipa Mpya, Kioo Kile Kile

Mvua za Machi zimeshuka na barua zimeshuka nazo. Toleo hili injini na gia zisubiri, maana karibu kila aliyeniandikia hapa Tororo analia na waipa.

Salamu, mzee. Naendesha Hiace ya abiria, Jinja hadi Kampala. Nimeweka waipa mpya lakini zinaacha mistari, na zikirudi zinatetemeka kwa kelele mpaka abiria wananicheka. Nimeuziwa feki? – Dereva, Jinja

Huenda, lakini usimrukie aliyekuuzia kabla hujakipima kioo. Kikiwa kimepoa, mwagia kikombe cha maji. Maji yakitandaa sawasawa, kioo ni safi. Yakikatikakatika na kujikusanya matone, hapo pana mafuta, na juu ya mafuta raba yoyote itarukaruka badala ya kuteleza.

Mafuta yanatoka wapi? Kwanza ni moshi wa malori unayoyafuata polepole pale msitu wa Mabira. Pili, na hili linaniudhi zaidi, ni vijana wa kuosha magari. Kitambaa kilichopaka dashibodi na matairi dawa ya kung'arisha ndicho hicho hicho kinachomalizia kioo. Wengine hutia dizeli kwenye ndoo ili bodi ing'ae. Mimi nikienda kuosha gari nabeba kitambaa changu cha kioo, wananiona mzee msumbufu. Sawa tu.

Osha kioo kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza. Pitisha siki nyeupe uliyochanganya na maji nusu kwa nusu, suuza tena, kisha rudia kikombe chako cha maji. Raba nayo ifute kwa kitambaa kilicholowa, toka mwanzo hadi mwisho. Usiisugue: raba mpya nyingi zimepakwa unga mweusi wa kuzisaidia kuteleza, ukiusugua wote umejiharibia.

Kama tatizo bado lipo, kioo chenyewe kitakuambia. Mstari mwembamba unaokaa mahali pamoja ni raba iliyochanika au punje ya mchanga iliyonasa. Sehemu pana isiyoguswa kabisa ni mkono uliopinda au springi iliyochoka. Ama kelele ya upande mmoja, ikienda kimya ikirudi inapiga, kama yako, mara nyingi ni mkono uliojipinda kidogo, raba haisimami wima juu ya kioo. Zima switchi ya gari waipa zikiwa katikati, inama utazame kwa pembeni, utaona. Kuunyoosha kunataka plaizi na subira, unapinda kidogo sana kisha unajaribu. Ukishatoa waipa, tandika taulo nene juu ya kioo. Mkono mtupu ukikuponyoka, ile springi inaupigiza chini na kioo kinapasuka. Hapo utanunua kioo kizima kwa sababu ya raba.

Siku ukinunua nyingine, pima za zamani kwa futi, moja moja, kwa kuwa ya upande wa dereva mara nyingi ni ndefu kuliko mwenzake. Usichukue iliyoning'inizwa juani mbele ya duka mwezi mzima. Ikunje raba kwa kidole: ikirudi haraka na bado ni laini, lipa.

Mzee fundi, Premio yangu ikiwashwa waipa, mota inasikika, ya kulia inacheza, ya kushoto imelala. – Mwalimu, Busia

Mwalimu, usikubali kuuziwa mota. Mota inayosikika na kusukuma upande mmoja ni nzima. Fungua kifuniko cha plastiki kwenye shina la mkono wa kushoto, chini yake kuna nati. Itakuwa imelegea, na meno ya ndani yamejaa kutu na vumbi jekundu. Toa mkono, piga meno kwa brashi ya waya, washa waipa na uizime ili shina lisimame mahali pake pa kupumzikia, halafu rudisha mkono ukiwa umelala na ukaze. Meno yakiwa yamekwisha, badili mkono. Kama nati imekaza na meno ni mazima, tazama vyuma vya kuunganisha chini ya kioo, kuna kiungo kimechomoka.

Kwa wengine ambao hawasikii chochote: anzeni na fyuzi. Ikiwa imeungua wekeni ya ukubwa ule ule, si kubwa zaidi, na si ule waya wa shaba ninaoukuta kila siku kwenye magari ya watu wenye digrii.

Fundi, naishi Entebbe. Wale wadudu wa ziwa wakijaa kwenye kioo, nikipiga waipa nabaki sioni kabisa. Nifanyeje? – Msomaji wa kike

Dada, usipige waipa kwenye kioo kikavu, unawapaka tu. Simama mahali salama, tandaza gazeti lililolowa maji juu ya kioo, liache dakika kumi, wataachia wenyewe. Kisha suuza. Beba chupa ya maji na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo. Sabuni ya unga usiitie kwenye tangi la maji ya waipa, inaziba matundu. Yakishaziba, yazibue kwa pini nyembamba. Wadudu hao hupanda kwa wingi zaidi wakati wa mwezi mwandamo, basi siku hizo jaza tangi mapema.

Mzee, lori langu linabeba saruji. Kioo kina ukungu wa kijivu hautoki kwa sabuni. – Dereva, Tororo

Ni saruji iliyoshika. Siki, kitambaa laini, rudiarudia, suuza sana. Na vumbi lake lisukume kwa maji mengi kwanza. Ukilifuta kavu unachora kioo, na michoro iliyozama ndani haiondoki.

Asubuhi Kabale kioo kinajaa ukungu kwa ndani, nafuta kwa mkono. – M.

Mkono unaongeza mafuta. Elekeza hewa kwenye kioo, washa AC pamoja na joto, na weka hewa iingie kutoka nje, si ile ya kuzunguka ndani.