Jibu: Muda unaniishia kwenye maabara za CCNA

Ndugu wa Kondele, umesema muda unakuishia kwenye mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, ukauliza kama uanze na maabara (kazi za vitendo za kusanidi vifaa) au maswali ya kuchagua. Huo uhuru huna: ni dakika 120, maswali yanakuja yalivyopangwa, na ukishapita moja hurudi tena.

Dawa ni kuweka kikomo. Mimi ningeipa maabara moja dakika kumi hivi. Soma kazi zote kabla ya kugusa kibodi, kisha andika amri kwa mkato; sh ip int br inatosha badala ya show ip interface brief, nani ana muda wa kuiandika yote? OSPF, itifaki ya ruta kupashana njia, ikikosa jirani (ruta ya upande wa pili), kagua eria, maski ya anwani na muda wa hello, ujumbe wa kusalimiana. Ikigoma bado, hifadhi usanidi, songa mbele.

Nyumbani fanyia mazoezi kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, saa ya simu ikihesabu.