Barua kwa mwanangu: itazame nyumba miguuni

Mwanakwerekwe, Unguja

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi sijambo. Magoti ndiyo yale yale, na dadaako ananitunza kama yai. Msalimie sana mkeo, umwambie achari yake ya embe imefika salama, haikumwagika hata tone.

Ile sauti uliyotuma juzi kutoka huko Kangagani, Pemba, kwenye simu ya dadaako nimeisikiliza mara tatu. Umesema: "Mama, nina laki sita mkononi. Masika yanakuja na nyumba ya bibi inavuja. Niezue makuti nitie bati kama alivyofanya marehemu baba, au nichomekee nivumilie mwaka mmoja tena?" Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu nikianza tu kusema unaniambia "nimefahamu, mama", na hujafahamu.

Umeniuliza habari za paa. Mimi nakuuliza: ule ukuta wa nyuma, wa upande wa migomba, umeutazama chini? Si juu. Chini kabisa, pale unapoingia ardhini. Umeinama ukatia kidole? Kama udongo unakubali kidole sasa hivi, kaskazi inavuma na jua kali namna hii, basi mwezi wa nne utakubali mkono mzima. Nyumba hufa kwa miguu, haifi kwa kichwa. Neno hili unalisikia tangu unatambaa, na utalisikia tena kabla barua haijesha.

Paa linalovuja linakukera kwa sababu linakudondokea usoni. Unaamka usiku, unasogeza kitanda, unatega sufuria, na asubuhi kila anayepita barazani unamhadithia. Ukuta unaolowa chini haukuamshi. Unakunywa maji kimya kimya, wiki baada ya wiki, na juu umesimama vile vile. Hapa Mwanakwerekwe nyumba ni za matofali na juu zina bati, lakini ukikaa na wazee wa hapa wakakuhadithia masika yao, hakuna anayekutajia paa. Wanakuhadithia maji yaliyoingia kwa mlangoni.

Halafu umesema "kama alivyofanya marehemu baba". Mwanangu, wewe unakumbuka bati. Ukuta huukumbuki.

Ulikuwa mwaka 2011, kwenye nyumba yetu, hii anayokaa kaka yako sasa. Mwaka ule Pemba nzima ililia, Septemba ilipozama meli ya Spice Islander, na katika huzuni ile ile bei ya karafuu ikapanda kuliko tulivyopata kuiona. Mikarafuu yetu ya Mtambwe ilizaa. Babaako alichuma na ami zako, mimi na bibi yako tukichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku mpaka vidole vinakuwa vyeusi, na mchana mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa majamvi. Wingu likitokeza tu, nakimbia kukunja, karafuu zisije zikalowa zikaharibika, zikawa mpeta. Na katika miezi ile ile, kila nilipopata nafasi, nilishona makuti. Makuti ya viungo mia tatu, nimeyahesabu mwenyewe, bibi yako akinipa pau na mimi nikishona. Nikayapanga nyuma ya nyumba juu ya magogo yasiliwe na mchwa, yakingoja tuezeke upya kabla ya masika.

Siku moja babaako akaenda Wete asubuhi, alasiri akarudi na gari ya mabati.

Hakuniuliza. Nakuambia hili leo na bado linanichoma, na yeye yuko mbele ya haki. Mabati yakateremshwa yakaegeshwa juu ya makuti yangu.

Babaako naye alikuwa na sababu yake, lazima niiseme. Siku ya hitima ya babu yako, watu wamejaa ukumbini, mvua ikanyesha na tone likaanguka juu ya msahafu uliokuwa mikononi mwa sheikh. Hakuna aliyesema kitu. Sheikh alifuta ukurasa kwa mkono wa kanzu yake akaendelea kusoma. Lakini mimi nilimwona babaako usoni, na nadhani lile bati alilinunua siku ile, pesa ndizo zilizochelewa.

Basi makuti ya zamani yakaezuliwa, bati likapanda. Mabati hayakutosha. Fundi akasema tupunguze upenu, na babaako akakubali. Nyumba yetu ya makuti, unakumbuka, upenu ulishuka mpaka mtu mzima akiingia anainama. Kombamoyo, ile miti ya paa, zikakatwa, ukabaki upenu wa shubiri moja tu nje ya ukuta. Nyumba ikang'ara. Watu wakaja kuitazama, nawe ukakimbia kila nyumba kuwaambia wenzio mnalo bati.

Sasa fahamu jambo hili, maana ndilo jibu langu lote. Mvua ikipiga kwenye makuti hushuka polepole, huchuruzika kwenye kila ncha ya jani, na kwa kuwa upenu ni mrefu hudondoka mbali na ukuta. Mvua ikipiga kwenye bati hushuka kwa kasi, yote kwa pamoja, na kila bonde la bati ni bomba lake. Masika ya 2012 yalipoanza, asubuhi ya pili nilitoka nyuma nikaona vishimo vimejipanga sawasawa chini ya ukuta, kama mtu aliyetega vijungu. Maji yakituama humo, na yakiruka yanarushia ukuta matope mpaka magotini. Nikamwambia, "Bwana, tuchimbe mtaro." Akasema, "Ijumaa, nikitoka msikitini." Nikamwambia tena Jumatano. Akasema, "Ijumaa."

Usiku wa kuamkia Ijumaa mvua ilipiga juu ya bati hata tukawa hatusikizani. Sikusikia ukuta unaanguka. Nilihisi upepo. Nikakimbilia chumba cha nyuma na kandili, nikakukuta umekaa kitandani na dadaako, mmejifunika shuka moja, mnatazama mvua ya nje pale palipokuwa ukuta. Ukaniuliza kama kumekucha. Ukuta ulikuwa umeangukia nje, alhamdulillahi, juu ya makuti yangu yote mia tatu. Ungeangukia ndani nisingekuwa na wa kumwandikia barua hii.

Alfajiri walipotoka kusali watu wakaja kutusaidia, na mimi mbele ya watu wote wale nikamwambia babaako: "Bati lako hilo. Lala nalo." Hakunijibu. Alichukua jembe akaanza kuchimba, mvua inamnyeshea, peke yake. Ami yako alipotaka kumsaidia, babaako alimtazama tu, ami yako akarudi nyuma. Alichimba mpaka adhuhuri. Mtaro ule ndio ule ule anaoutumia kaka yako mpaka leo, na toka siku ile hakuna ukuta uliolowa. Usiku nikampikia mkate wa kumimina, akala, tukaona yamekwisha. Kwangu hayajakwisha. Nilikuwa na haki, lakini haki ile ningeweza kuisemea chumbani.

Na yeye pia alikuwa na haki, hilo sitalificha. Ile wiki ya mwisho ya masika alitega pipa chini ya bati, likajaa kwa mvua moja. Akachota kata ya kwanza akaniletea jikoni. "Kunywa, maji ya paa." Miaka mingapi nilikwenda kisimani na ndoo kichwani? Makuti hayakupi maji ya kunywa, yana rangi na harufu. Tena makuti kila miaka michache unayarudia, na siku hizi minazi imezeeka, mingine imekatwa, na mikono ya kushona mia tatu haipo. Na moto: cheche moja ya jikoni ikiruka, mna dakika za kutoa watoto tu. Bati halikuletei hofu hiyo. Lakini bati kaskazi linakupika kama mkate, na pale Kangagani upepo wa pwani una chumvi, kutu haikawii. Naona mwenyewe navuta huku na huku.

Kwa hivyo laki sita yako usianze kuipandisha juu ya paa. Nyumba hufa kwa miguu. Kwanza ondoa kila kitu kilichoegemea ukuta: kuni, vifuu, ule udongo uliorundikana kwa kufagia miaka na miaka, na huo mgomba mchanga mkeo alioupanda karibu, auhamishe. Kisha chimba mtaro, usiuchimbe popote, uchimbe pale matone yanapoangukia. Mimina ndoo ya maji uone yanakimbilia wapi, yakisimama, hujamaliza. Yapeleke migombani, yatafaa. Hii haikugharimu senti, ni jasho lako.

Halafu kandika upya chini, kutoka ardhini mpaka magotini. Udongo wa kinamo peke yake ukikauka hupasuka, uchanganye na mchanga, uukanyage vizuri, uulaze usiku mmoja. Kandika tabaka jembamba likauke ndipo utie la pili. Ndiyo maana nakwambia uanze wiki hii, jua lingalipo. Udongo uliokandikwa mawingu yakiwa juu haukauki, unaoza. Mbele ya udongo panga mawe madogo, yapokee marusho ya mvua. Na saruji usinitilie juu ya ukuta wa udongo. Najua fundi atakushawishi. Inapendeza mwaka wa kwanza, halafu unyevu unabaki ndani hauna pa kutokea, saruji inabanduka kama ganda na inaondoka na udongo wake. Ukitaka weupe, pakaza chokaa, ukuta upate kupumua.

Gonga na nguzo. Zile za mkandaa alizozisimamisha babu yako zinalia ngo, ngo. Ikilia kama dafu tupu, mchwa wameshakula, na hapo ndipo pa kutolea pesa kabla ya penginepo.

Nakusisitizia ukuta kwa sababu nyingine. Masika yakisha kinakuja kipupwe, kusi inavuma, na usiku unahisi baridi ya mifupa. Watu wanalaumu upepo, wananunua mablanketi. Baridi ile hutoka ukutani. Ukuta uliolowa Mei unakutia baridi mpaka Agosti, godoro linanuka ukungu, mtoto anakohoa. Ukuta mkavu, shuka mbili na mkeka chini ya godoro vinatosha. Nimelea watoto wanne katika kipupwe cha Pemba bila blanketi hata moja la dukani.

Paa sasa. Adhuhuri, jua likiwa utosini, ingia ndani ufunge milango, utazame juu. Kila unapoona nyota ya jua, hapo chomekea kuti. Sana utaziona kwenye mgongo wa paa, ndiko kunakoanza kuoza. Huenda ukaona makuti hamsini yanakutosha mwaka huu. Na ukiamua bati, lisipungue upenu hata shubiri. Kama mabati hayatoshi, ngoja karafuu nyingine. Misumari ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni maji yanamopita, na kila mmoja na kipira chake.

Utasema, mama hajajibu. Bati au makuti? Jibu ninalo, mwanangu, liko kwenye ncha ya ulimi, na nikiandika mstari mmoja zaidi litanitoka. Dadaako hapa ananiambia "mwambie tu". Lakini katika sauti yako yote ile, nimeisikiliza mara tatu, sikumsikia mkeo akitajwa hata mara moja. Yeye ndiye atakayekuwa chini ya paa hilo kutwa, wewe ukiwa Wete kazini. Anayaonaje yeye? Anataka maji ya pipa au anataka ubaridi wa makuti mchana? Muulize kwanza, umsikilize mpaka mwisho, kisha niandikieni nyinyi wawili, nami nitasema langu. Kama mtaamua kabla hamjaniandikia, nitaridhika. Nitajitahidi kuridhika.

Jembe la babaako liko kwa ami yako, nimeshamwambia akupe. Mpini wake unalegea ukikaa bila kazi muda mrefu. Ulilaze kwenye maji usiku kucha, ujae, ndipo uende nalo nyuma asubuhi.

Mamaako